Kodi ya baridi

Mtu akikwambia kusoma Ujerumani ni bure msikilize nusu tu. Ada ni kweli vyuo vingi vya serikali havitozi, ukiacha jimbo la Baden-Württemberg ambako mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya analipa euro 1,500 kwa muhula, ila kabla hujapata hata viza unatakiwa uweke hela ya mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa, wenyewe wanaita Sperrkonto. Mi nimekuja 2023 ilikuwa euro 11,208, baadaye wakapandisha hadi 11,904. Hela ni yako lakini unachotewa kwa kijiko, mi yangu ilikuwa 934 kwa mwezi, na usiombe zaidi.

Sasa nikaanza kutafuta chumba Leipzig. Kila tangazo nikifungua naona kodi mbili, nilichokipenda kimeandikwa Kaltmiete 320, Warmmiete 415. Nikaingia kwenye kamusi ya simu: kalt ni baridi, warm ni joto, Miete ni kodi. Nikasema aisee hawa watu wamestaarabika, yani unachagua mwenyewe unataka chumba cha joto au cha baridi! Euro 95 kila mwezi kwa ajili ya joto tu? Mi kijana mzima na nina majaketi mawili. Nikamwandikia mwenye nyumba, kwa adabu zote, kwamba nimechagua ya baridi.

Akajibu neno moja tu: "Gut." Yani vizuri.

Na kila kitu kikawa kinanithibitishia kwamba niko sahihi. Mkataba ulivyokuja (nikausoma kwa ile programu ya kutafsiri, kurasa mbili za kwanza, zingine nikasaini tu) umeandikwa dhamana ni kodi ya baridi mara tatu, 960. Kumbe ndo sheria yao, mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya hapo, ila mi nikajua hata mkataba unanitambua kwamba mi ni mtu wa baridi. Siku ya kuhamia nakuta darini hakuna taa, kuna nyaya tatu zimening'inia, maana kule mtu akihama anahama na taa zake, wengine wanaondoka hadi na kabati za jikoni. Nikajisemea sawa bana, taa ni za wale waliolipa joto.

Lakini ushahidi mkubwa ulikuwa kwenye hita. Pale pembeni ina kidude cha kuzungusha, kina namba 1 mpaka 5, na chini kabisa kuna kialama cha theluji. Theluji! Nikasema hii sasa ndo saizi yangu. Kialama kile kazi yake ni kuzuia tu mabomba yasigande, kinaiacha nyumba kwenye nyuzi 6 hivi. Nikakiweka pale na sikukigusa kuanzia mwezi wa kumi, nikaogopa wakija kukagua wasije wakanikamata naiba joto.

Jamani, mwezi wa kumi na moja nilikuwa nalala na jaketi, skafu, soksi jozi tatu na begi la nguo juu ya blanketi. Asubuhi nikipumua naona moshi wangu mwenyewe. Nilikuwa naenda maktaba saa mbili asubuhi narudi usiku, wenzangu darasani wakajua mi ni msomi balaa. Na moyoni nina furaha kabisa, nimeokoa 95 ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bima ya afya tu wakati ule ilikuwa inakula kama 120 kwa mwezi, bado kuna mchango wa redio na televisheni 18.36 kila mwezi ambao unalipa hata kama huna redio wala televisheni, kwa hiyo hiyo 95 niliiona ni ushindi mkubwa.

Mwezi wa kumi na mbili ikaja barua. Juu imeandikwa Mahnung, nikatafsiri, ikasema onyo. Nadaiwa 285. Nikajua tu wamegundua kuna joto linavuja kutoka kwa jirani.

Kesho yake mwenye nyumba akaja mwenyewe, bibi wa miaka sabini na kitu, akanikuta na kofia na glavu nakula mkate. Akasimama mlangoni kimya. Akaenda kwenye hita, akaishika, akanigeukia kama mtu aliyeshika maiti. Halafu akaona kona ya dirisha kuna madoa meusi, akaanza kupiga kelele "Schimmel! Schimmel!" Nikaiweka simu mdomoni kwake itafsiri, ikaleta: farasi mweupe. Nikachungulia nje. Hakuna farasi. (Neno ni hilohilo moja, farasi mweupe na ukungu wa ukutani.)

Ilichukua nusu saa na kalamu na karatasi. Kodi ya baridi ni chumba kitupu kabla ya gharama, ya joto ndo kodi yenyewe unayolipa, imo hita, maji, takataka na usafi wa ngazi. Hakuna kuchagua. Yani nimekaa miezi mitatu kwenye friji na hita ni yangu! Yule bibi alicheka mpaka akakaa kitandani kwangu, kesho yake akaniletea soksi za sufu alizofuma mwenyewe.

Basi nikalipa 285, na kuanzia siku hiyo nikalipiza kisasi. Hita namba 5, saa ishirini na nne, mi na kaptula na singlendi, joto likizidi nafungua dirisha. Si nimelipia? Soksi za bibi nikampa dogo mmoja aliyefika mwaka uliofuata, nikamwambia mdogo wangu, huku baridi ni ya kujitakia.

Katikati ya 2025 ikaja barua ya hesabu ya mwaka mzima wa 2024. Kumbe kwenye ile 95 hela ya hita ni kianzio tu, mwisho wa mwaka wanasoma mita, na sheria inataka angalau nusu ya gharama ya joto igawanywe kwa matumizi ya mtu mwenyewe. Nadaiwa euro 412, na kianzio kimepanda.

Nikaenda kwenye hita, nikarudisha kwenye kialama cha theluji japo ilikuwa mwezi wa saba, halafu nikamtumia dogo meseji: "Mdogo wangu, zile soksi bado unazo?"

Akajibu: "Kaka shikamoo, ninazo, naziweka kwa ajili ya mwezi wa kumi. Nahamia chumba kipya, nimepata bei nzuri sana, nimechagua ile ya kalt."