Nyumba ya babu haitaki mkupuo

Nilistaafu ualimu mwaka 2023, nikiwa na miaka 60, na kama wastaafu wengi nilikuwa nimeshaitumia pesa ya mkupuo, ile sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, kichwani kabla haijaingia benki. Yote nilishaipangia nyumba ya babu hapa Pangani: madirisha ya aluminiamu, marumaru toka mlangoni hadi uani, dari ya jipsamu, lipu ya saruji nje na ndani. Miezi minne tu. Watoto wakija Idi wakute nyumba, si gofu.

Nikaanza na ukuta wa upande wa mto. Fundi kijana akaibandua lipu ya zamani, akapiga saruji, ukuta ukanyooka kama ubao wa darasani. Nilikaa barazani jioni nzima nikiutazama. Masika yalipopita ukaanza kutoa jasho kwa ndani, tena juu zaidi ya pale unyevu ulipokuwa ukiishia siku zote. Ikafuata chumvi nyeupe kama unga, kisha lipu ikavimba. Ukiigonga, inalia tupu.

Mzee mmoja, fundi wa chokaa, rika la marehemu baba, alipita siku hiyo. Nikampa shikamoo, akaitika huku kiganja chake kimeshafika ukutani. "Mwalimu," akasema, "mgonjwa ana homa, wewe umemvika koti la mvua."

Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita, na aghalabu msingi wake hauna kitu cha kuzuia maji ya ardhini. Maji hupanda tangu zamani, yamebeba chumvi. Lipu ya chokaa ina vitundu, maji yanatokea hapo na kukauka. Inayoharibika ni lipu, nayo hubadilishwa. Saruji huziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi inagandia ndani na kulitafuna jiwe lenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nimelipa pesa nzuri kuubomoa ukuta wa babu taratibu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Sisi tuliostaafu mwaka ule wa 2023, kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilitupa asilimia 33 kwa mkupuo, iliyobaki ikaja kama pensheni ya kila mwezi. Nililalamika, na bado nalalamika. Mtu mwenye deni au mtoto chuoni hawezi kuambiwa asubiri. Lakini kwa nyumba kama hii, naona pensheni inafaa kuliko mkupuo. Mkupuo una haraka, na haraka hupenda saruji, inayoshika upesi. Chokaa ina mwendo wa pensheni.

Hebu tazama kazi yenyewe. Jiwe linachomwa tanuuni hadi hewa ya ukaa itoke, halafu linazimwa kwa maji. Mzee wetu huiacha chokaa shimoni wiki nyingi, imefunikwa na maji, mpaka iwe laini kama siagi, na hata ile ya mfuko kutoka dukani ananilazimisha niiloweke kwanza. Ikichanganywa na mchanga hupigwa tabaka jembamba, tukangoja, kisha jingine. Ukutani chokaa huivuta tena ile hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, kidogo kidogo. Ukiikausha kwa pupa inapasuka. Mimi hufanya ukuta mmoja, pensheni ikiingia nikaenda wa pili. Mwezi ambao mjukuu ameugua, nyumba inangoja, na haidhuriki kwa kungoja.

Kitu kimoja tu hakingoji: paa. Nilichobakiza kwenye mkupuo nilikitia kwenye bati na kenchi, maana bati likivuja maji huingia kwenye vichwa vya boriti, pale zinapokaa ndani ya ukuta. Boriti za mikoko zinavumilia sana, ila si unyevu wa miaka. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, tena ikiwa kwenye matengenezo, ndugu zangu waliipata hoja: kama jumba la sultani limeshindwa, letu tulibomoe tujenge la tofali. Mimi naona hoja hiyo inaelekea kwingine kabisa. Nyumba hizi huchoka mahali pasipoonekana, kwa hiyo anza juu, rangi iwe ya mwisho.

Kuhusu ndugu, sitasema mengi. Nyumba ni ya urithi, na dada zangu wawili wana mafungu yao humo. Tulikwenda Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi akateuliwa, na gharama ninazotoa tunaziandika daftarini, wote tunatia saini. Nilipaswa kufanya hivyo kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Mstaafu anayetengeneza nyumba ya wote kwa pesa yake, kimyakimya, anajichimbia kesi.

Ule ukuta wa mto tunaubandua sasa, kwa patasi na nyundo ndogo, kwa sababu saruji imeng'ang'ania na mahali pengine inatoka na jiwe lake. Fundi kijana amerudi, safari hii kama msaidizi wa mzee. Dada mkubwa alipiga simu jana kuuliza kama Idi ijayo itakuwa tayari. Nikamwambia chumba cha bibi kitakuwa tayari, aje alale humo.