Wosia wa jirani na neno la baba

Jumamosi jirani yangu hapa Birmingham alinigongea mlango nikashuhudie sahihi yake. Ni mama wa miaka 81, aliyestaafu udereva wa basi. Karatasi zilikuwa mezani kando ya birika la chai, na shahidi wa pili alikuwa kijana wa ghorofa ya chini. Alituambia mwenyewe: nusu ya akiba yake inakwenda RNLI, wale wa mashua za kuokoa watu baharini. Birmingham haina bahari! Kumbe waliwahi kumwokoa kaka yake utotoni.

Nilirudi kwangu nikalia.

Baba alijenga vyumba vinane vya kupangisha Kayole, Nairobi. Krismasi moja, mbele ya mchungaji na wajomba, alisema kodi ya vyumba viwili iwe ya mayatima wa kituo cha mtaani. Tukapiga makofi. Julai akafariki. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, ila aliyeutamka awe amefariki ndani ya miezi mitatu. Sisi tulikuwa na mashahidi kumi na wawili, na miezi saba. Leo kesi iko mahakama ya Milimani, hati ya ploti bado ina jina la baba, na wale watoto hawajaona hata shilingi.

Najua mtakalosema: ameenda majuu juzi, leo anatufundisha kutoa. Sivyo. Kwa kutoa, nani atatushinda? Nimeona bili ya hospitali ikichangwa kwa M-Pesa usiku mmoja, na wengi waliotuma hawakumjua mgonjwa. Kinachoniuma ni mtu aliyechangia harambee miaka 40 kuogopa mstari mmoja wa wosia, eti ni uchuro, anajiitia kifo. Baba hakuandika, na kifo kikaja vilevile.

Mwingine atasema wazungu wanakwepa kodi tu. Ni kweli, huku mali ya marehemu inayozidi pauni 325,000 kwa kawaida hukatwa asilimia 40, na ukiachia hisani angalau asilimia 10, makato hushuka hadi 36. Lakini mama huyu hafikii kiwango hicho hata kidogo. Na msiniambie watoto wetu wenyewe wataachwa mikono mitupu. Kifungu cha 26 cha sheria yetu kinamruhusu mtegemezi aliyesahauliwa kwenda mahakamani.

Jana nimeandika wangu, na jirani ndiye shahidi wa kwanza. Sehemu yangu ya Kayole, siku itakapotoka Milimani, ni ya wale watoto. Kaka zangu, mkisoma hapa, msinipigie simu kunigombeza. Mlikuwepo Krismasi ile.