Tabo Inunuliwe Mwisho

Mtu akiamua kuitia tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada) 2JZ-GE yake, injini ya Toyota ya silinda sita iliyotoka kiwandani bila tabo, kitu cha kwanza anachonunua ni tabo yenyewe. Baada ya hapo manifoldi, kisha mabomba yanayong'aa, na kama hela imebaki ndipo anaulizia nozeli zinazonyunyiza petroli. Kwa maoni yangu hapo mambo yamegeuzwa miguu juu, na ndiyo maana injini nyingi za namna hii huishia mezani kwa fundi zikiwa na pistoni iliyomeguka kwenye kuta za mifereji ya ringi (vyuma vya mviringo vinavyoziba kati ya pistoni na silinda). Presha ya tabo peke yake mara chache huua injini. Kinachoua ni joto, na mchanganyiko kujilipukia wenyewe ndani ya silinda kwa sababu petroli haikutosha au cheche imewahi.

Nimeichagua 2JZ-GE kwa sababu imo kwenye Crown, Mark II na Aristo, na wenye nazo hupenda kuihesabu sawa na ndugu yake 2JZ-GTE ya Supra. Zote ni lita 3.0, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86. Lakini GTE ilitoka kiwandani na mgandamizo wa 8.5:1, yaani mchanganyiko hubanwa mara 8.5, tena ina vijito vya oili vinavyorushia pistoni kwa chini ili zipoe. GE ina 10.0:1, na ile ya VVT-i (yenye kubadilisha muda wa kufunguka valvu) ina 10.5:1 pamoja na konrodi, mikono inayoshika pistoni, nyembamba zaidi. Sifa za bloku ni za kweli. Vilivyomo ndani ya bloku ni habari nyingine.

Kama unataka presha ya 0.4 hadi 0.5 bar tu, injini ni nzima, mgandamizo wa silinda zote sita umepimwa na unalingana, usiifungue. Weka hela kwenye petroli, kontroli boksi (kompyuta ya injini) na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo). Ukitaka 0.7 bar na kuendelea, fungua, na ufungue kwa kusudi la kubadilisha pistoni.

Hapo ndipo wengi hukimbilia gasketi nene ya hedi (kifuniko cha juu ya silinda) ili kushusha mgandamizo bila kugusa pistoni. Hesabu yake haivutii. Silinda moja ina takriban cc 500, kwa 10.0:1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni kama cc 55.5. Gasketi iliyozidi ya kiwandani kwa milimita 0.7 inaongeza cc 4 na kidogo, na mgandamizo unashuka mpaka 9.4 hivi. Kwa VVT-i unabaki 9.8. Faida ni ndogo, na kuna hasara isiyosemwa: ukingo wa pistoni na hedi vimeundwa vikaribiane sana, karibu milimita moja, ili mchanganyiko usukumwe katikati kwa nguvu na kuungua haraka. Ukitanua nafasi hiyo, mchanganyiko wa pembeni unazubaa, na huo ndio unaotangulia kugonga, yaani kujilipukia. Pistoni za kufuliwa zenye mgandamizo wa 8.5 hadi 9.0 na gasketi ya chuma ya tabaka nyingi, ya unene wa kawaida, ndiyo njia ninayoiunga mkono. Gasketi hiyo haisamehe uso mbaya: hedi na bloku visawazishwe kwa mashine mpaka viwe laini na vinyooke. Kupitisha msasa kwa mkono hakutoshi. Boliti za hedi ziwe mpya au stadi za chuma kigumu, zikazwe kwa kipimo na kilainishi anachotaja mtengenezaji wake. Kilainishi kikibadilika, namba ileile kwenye spana ya kipimo inatoa mkazo tofauti.

Sasa ringi, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri nyingi zinapoharibikia. Ringi ikiwa ndani ya silinda, ncha zake mbili zinaachana kidogo. Kwa injini isiyo na tabo yenye kipenyo cha 86, mwachano wa kama milimita 0.35 unatosha. Ukiongeza presha, ringi ya juu inapata joto zaidi na kurefuka zaidi. Ncha zikikutana hazina pa kwenda, ringi inajikaza ukutani, inakwaruza silinda na kung'oa ukuta wa mfereji wake. Baadaye utasikia pistoni zilikuwa feki. Kanuni ya kuanzia kwa gari la barabarani lenye tabo ni kuzidisha kipenyo kwa 0.005: 86 inakupa 0.43. Ya pili iwe na zaidi kidogo, 0.46 au 0.47, ili gesi inayopenya isinaswe kati ya ringi mbili na kuinyanyua ya juu. Karatasi ya mtengenezaji wa pistoni ikisema vingine, fuata karatasi.

Kuipima ni kazi ya subira. Tia ringi kwenye silinda ambamo itafanyia kazi, isukume chini milimita 25 kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ilale sawasawa, kisha pitisha fila (bati jembamba la kupimia mwanya). Ikibana, toa, piga tupa laini upande mmoja tu wa ncha, kutoka uso wa nje kuelekea ndani. Ukivuta kinyume, mipako ya nje inabanduka. Ondoa vichembe kwa jiwe la kunolea, rudisha, pima tena. Andika namba ya silinda kwenye kila ringi. Fundi anayezitoa kwenye boksi na kuzivalisha moja kwa moja amekuokolea saa mbili na kukupotezea injini.

Nafasi kati ya pistoni na ukuta inategemea aloi. Pistoni ya aloi ya alumini namba 2618 hutanuka sana, hivyo huachwa na milimita 0.08 hadi 0.10, na itapiga kelele kidogo asubuhi ikiwa baridi. Hilo si tatizo. Ya 4032 inabanwa zaidi. Metali (beringi) za konrodi ziwe na nafasi ya kama 0.05 kwa jononi, shingo ya krenki inayozunguka humo, ya milimita 52, na za krenki 0.06 kwa ile ya 62.

Kuhusu petroli, piga hesabu kabla ya kununua chochote. Injini ya tabo inakula takriban cc 6.3 kwa dakika kwa kila nguvu ya farasi. Nguvu 350 ni cc 2,205. Gawa kwa nozeli sita, kisha gawa kwa 0.8 kwa sababu nozeli haifai kubaki wazi muda wote. Unapata cc 460, kwa hiyo nunua za 550. Pampu ya lita 255 kwa saa inatosha, mradi waya wake ni mnene na una rilei yake. Umeme ukifika volti 12 badala ya 13.8, pampu inalegea, na italegea ukiwa umekanyaga mwisho. Regyuleta ya petroli iunganishwe na manifoldi ya kuingizia hewa ili presha ya petroli ipande sambamba na ya tabo. Chini ya mzigo, sensa ya waidibandi, inayopima uwiano wa hewa kwa petroli kwenye moshi, isome kati ya 11.5 na 12.0. Ukiona 13 tabo ikiwa inapuliza, toa mguu.

Plagi ziwe baridi zaidi kwa hatua moja au mbili. Kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi zaidi, hivyo toka 6 nenda 7. Punguza mwanya wake hadi milimita 0.7 au 0.8, la sivyo presha itaizima cheche na gari litakohoa.

Joto la hewa watu wanalidharau. Hewa ya nyuzi 30 ikisukumwa hadi 0.7 bar na tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 inatoka ikiwa na nyuzi 100 hivi. Intakula nzuri inairudisha karibu na 50. Intakula iliyobanwa nyuma ya bampa isiyopitisha upepo ni pambo.

Tabo ikianza kutoa moshi wa buluu baada ya wiki moja, kabla ya kuilaumu angalia bomba la kurudisha oili. Oili inarudi kwa kuteremka yenyewe. Bomba liwe na upana wa ndani wa milimita 16 hadi 19, lishuke bila kupanda popote, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Pia valvu ya kupumulia krenki iwe ya njia moja iliyo nzima, maana manifoldi ya kuingizia hewa sasa inasukuma, na presha yake ikipenya humo itafukuza oili kwenye sili.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi hasa. Westigeti, valvu inayozuia tabo isipite kiwango, hupima presha ikilinganisha na hewa iliyopo nje. Nairobi, kwenye mita kama 1,800, hewa ina 0.82 bar, ukiongeza 0.6 ya tabo, silinda zinapata 1.42. Teremka Mombasa kwa springi ileile: 1.01 na 0.6 ni 1.61. Hiyo ni hewa zaidi kwa asilimia 13, tena ya joto, na geji kwenye dashibodi haijabadilika hata kidogo. Kama jedwali la petroli na la cheche lilijazwa mpaka pale gari lilipofikia siku ya majaribio Nairobi, ukifika pwani kontroli boksi inafanya kazi kwa kubahatisha. Mwambie anayepanga gari ajaze safu mpaka bar 1.8 ya jumla, cheche ikirudishwa nyuma na petroli ikiongezwa, na aweke kikomo cha kukata petroli presha ikivuka hapo. Kikomo hicho ndicho pia kitakachokuokoa siku mpira wa westigeti utakapochomoka na tabo kupuliza bila breki. Asipoweza kukufungulia jedwali hilo kwenye laptop na kukuonyesha safu za juu zina namba gani, usimlipe bado.