Siku ya Wafu si Halloween ya Mexico

Makala moja imeiita Siku ya Wafu, sikukuu ya Mexico ya kuwakumbuka marehemu, "Halloween ya Mexico". Hapana. Tarehe 1 Novemba hupokewa roho za marehemu watoto, tarehe 2 watu wazima, na kiini chake ni meza ya nyumbani: picha zao, glasi ya maji kwa kiu ya safari, chumvi, mishumaa, mkate, na petali za cempasúchil, ua la rangi ya machungwa, zikichora njia kutoka mlangoni. Hufukizwa copal, utomvu mkavu kama sandarusi yetu ya pwani. Mkaa uachwe ukolee hadi ufanye majivu juu, ndipo zitiwe punje mbili tatu; ukiwahi, au ukijaza chetezo, moshi huwa mzito na mkaa huzimika. Mishumaa ikae mbali na mapambo ya karatasi, hushika moto upesi mno.