Lenzi Moja ya Kuvuta au Tatu Zisizovuta?

Kwa wapiga picha za harusi Kisumu ubishi ni uleule: ununue lenzi moja ya kuvuta (zoom), 24-70mm f/2.8, au tatu zisizovuta, yaani 35, 50 na 85mm, zote f/1.8? Namba ya mm ikiwa kubwa, lenzi huleta vitu karibu zaidi na kuona eneo dogo; ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi hufunguka zaidi na kuingiza mwanga mwingi.

Wanaotetea zisizovuta wana hoja nzito, nayo ni mwanga. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, tuseme f/1.8 inakupa picha safi kwa ISO 800 (kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga) na kasi ya sekunde 1/125. Ile 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Kwa kasi hiyohiyo utalazimika kupanda hadi karibu ISO 8000, na nyuso zitajaa chengachenga. Hata f/2.8 huachwa nyuma: f/1.8 hupitisha mwanga mara 2.4 zaidi.

Lakini f/1.8 hudai malipo. Kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa (kipande kinachonasa picha) kubwa, 85mm ikimlenga mtu aliye mita 2, eneo linalotoka wazi lina kina cha sentimita 6 hivi. Bwana harusi akisimama nusu hatua nyuma ya bibi harusi, mmoja wao anatoka na ukungu. Ukibana tundu hadi f/8 unaanza kuwaokoa wote wawili, ila mwanga uliolipia umeutupa. Tena, wakwe wakiingia kwa nyimbo na vigelegele hawangoji ubadilishe lenzi. Kila ukiibadilisha, vumbi linapata mlango. Madoa yake kwenye sensa hayaonekani kwa f/1.8, yanajitokeza ukipiga anga kwa f/11.

Kwa hiyo anayepiga harusi peke yake na kamera moja, achukue ya kuvuta, uzito wake auvumilie. Anayepiga picha za watu waliotulia, au nyani chini ya miti ya Msitu wa Kakamega, mwanga wa f/1.8 utamfaa zaidi.

Anayeanza asinunue seti yoyote kati ya hizo. Abaki na 18-55mm, aongeze 35mm f/1.8. Wengi hukimbilia 50mm kwa bei yake nafuu, lakini kwenye Canon za sensa ndogo huona eneo dogo, kama 80mm kwenye fremu kamili. Sebuleni utagonga ukuta kwa mgongo kabla familia haijaenea kwenye picha.

Mbuga ya Ziwa Nakuru ni habari nyingine. Kwa kawaida huruhusiwi kushuka garini ovyo, kwa hiyo miguu haikusogezi karibu na kifaru. Unahitaji 300mm au zaidi. Weka mfuko wa maharage dirishani, uilaze lenzi juu yake, uzime injini. Na ndege wakionekana kutetemeka juu ya maji saa saba mchana, usiilaumu lenzi: ni hewa yenye joto.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha kwanza inaelewana na kamera yako. Nikon 50mm f/1.8D, kwa mfano, haijilengi yenyewe kwenye D3500 wala D5600, kwa kuwa kamera hizo hazina mota ya kuizungusha. Kisha mulika tochi kupitia vioo. Unyevu, kama ule wa kando ya ziwa, hukuza kuvu ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi kama za buibui, mrudishie mwenyewe: kuvu hula utando uliopakwa juu ya kioo, na fundi anaweza kuisafisha lakini utando ulioliwa haurudi.