Radieta ya Fuso Chumbani Kwangu

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuja na feni yake ya kuipoza. Naomba hilo lijulikane mapema, maana yote yaliyonikuta yalianza pale nilipoidharau ile feni.

Mwezi wa kwanza nilipokea mchezo kazini, milioni moja na laki nne. Badala ya kununua kitanda kama mtu mzima, nikaenda Kariakoo na mpwa wangu wa kidato cha pili kutafuta vifaa vya kompyuta ya gemu. Dogo alikuwa ameshapanga kila kitu nyuma ya daftari la Jiografia: prosesa Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550 (bao linalobeba vifaa vyote), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) gigabaiti 16 kwa vipande viwili, SSD ya kuhifadhia mafaili, pawasaplai ya wati 550 ya kuleta umeme, na kadi ya grafiki (ya kuchora picha) ya mtumba, RX 580, ambayo muuzaji aliapa kuwa ilikuwa ya Mzungu anayerudi kwao. Kasha tulichukua la bei ya chini kuliko yote, jembamba kama mlango wa choo cha stendi, kwa sababu hela iliyobaki ilikuwa ya chipsi na nauli ya kurudi Mbagala.

Dogo akaunga vitu kwa saa tatu, ikawaka mara ya kwanza. Ile feni iliyotoka kwenye boksi la prosesa ni fupi, ya mviringo, ukiitazama unaona kama kofia ya mtoto. Tukacheza mpira saa nzima, joto likaishia nyuzi 74.

"Mwisho wake ni 90, mjomba. Uko salama. Sasa usiguse kitu."

Akapanda daladala kurudi kwao Temeke.

Chumba changu kina bati bila dari. Februari mchana ukikaa mle unaiva bila maji. Nikawa kila nikicheza namsikia yule feni mdogo akilia kama inzi kwenye chupa, namwonea huruma. Hivi kweli mtu umetumia zaidi ya milioni, halafu kitu kinachozuia isiungue ni kofia ya mtoto?

Ijumaa nikatumwa na ofisi Kariakoo kufuata karatasi. Karatasi nilizipata. Lakini nilipita kwenye duka lingine, nikaona kipoza joto cha prosesa kimekaa kwenye kioo: mnara wa mapezi ya alumini, mabomba sita ya shaba, feni mbili, mzito kama tofali.

"Bosi," muuzaji akasema, "hii ndiyo wanayotumia wenyewe."

Wenyewe ni akina nani sikuuliza. Laki moja na thelathini, nikamshusha mpaka laki na kumi, nikatoka nimevimba kwa ushindi. Kwenye boksi kulikuwa na vipimo vya urefu. Nilivisoma kama ninavyosoma masharti ya mkopo.

Ndani ya daladala nikaitoa niitazame vizuri. Konda akauliza ni radieta ya gari gani. Nikamwambia ya Ryzen. Akatikisa kichwa kwa masikitiko: "Hizo spea zake shida mzee. Ungechukua Toyota."

Jumapili asubuhi na mapema, kompyuta imelala usiku kucha, baridi kabisa, nikaanza. Nikafungua skrubu nne za ile feni fupi, nikavuta. Haitoki. Nikavuta tena. Ile pesti ya kijivu ya kupitisha joto, iliyo katikati ya feni na prosesa, ikishakauka inashika, na mimi sikujua kwamba kwanza unaiwasha mashine dakika kumi pesti ilainike, kisha unaizungusha feni kushoto na kulia taratibu ndipo unainua. Mimi nilivuta wima, kama mtu anayeng'oa muhogo wakati wa kiangazi.

Ikatoka. Na prosesa imeng'ang'ania chini yake kama kupe.

Kale kachuma kanakoishikilia prosesa kalikuwa bado kamefungwa. Yaani imepita kwa nguvu. Prosesa za aina hii zina miguu 1,331, midogo ya rangi ya dhahabu. Miguu mitatu ilikuwa imelala kama watu waliotoka kwenye mkesha.

Nikakaa chini. Nikanywa maji. Nikaenda kugonga kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Naomba niazime miwani yako."

"Marahaba. Unataka kusoma nini Jumapili yote hii?"

"Miguu, mama."

"Miguu ya nani?"

Sikuwa na jibu fupi. Alinipa miwani huku akiniangalia kwa pembeni. Nikachukua wembe mpya, nikawa nasimamisha mguu mmoja mmoja, pumzi nimezuia, jasho linadondoka pembeni ya prosesa ya laki tatu na nusu. Saa nzima. Mwishowe prosesa ikaingia kwenye tundu lake yenyewe, bila kusukumwa, nikasema alhamdulillahi kwa sauti hadi jirani akaitikia.

Hatua iliyofuata ni kufunga mnara. Skrubu nne tu. Asubuhi, nilipotoa skrubu ya mwisho ya ile feni fupi, nilikuwa nimesikia "kle!" nyuma ya mazabodi. Nikaipuuza. Kumbe upande wa nyuma kuna bamba la chuma linaloshikwa na skrubu hizo hizo, ukizifungua zote nalo linaondoka zake. Nilikaza skrubu za mnara dakika arobaini. Zinazunguka tu, hazishiki, nami nazitukana moja moja, mpaka nikafungua mlango wa pili wa kasha na kulikuta bamba limelala chini limetulia.

Pesti nilipaka kwa roho safi, kama siagi kwenye mkate wa futari. (Inatakiwa tone la ukubwa wa kunde moja.) Mnara ukasimama. Nikachukua mfuniko wa kasha niufunge.

Haufungi. Mnara una milimita 159. Kasha linapokea 148. Nilijaribu kwa kiganja, nikajaribu kwa goti, halafu nikajiambia kwamba kompyuta iliyo wazi inapata hewa zaidi.

Nikawasha. Nyuzi 60 kabla sijafungua chochote. Nikafungua gemu: 78, 85, 90. Hapo prosesa ikaanza kujipunguzia mwendo isife. Kiungo wangu akapokea pasi Jumapili, akawa anaonekana ataipiga Jumatatu. Nikaleta feni ya kusimama ya chumbani, nikaielekeza mle ndani spidi namba tatu. Ikashuka nyuzi mbili, na kalenda ikaanguka ukutani.

Jioni dogo akaja. Hakusema kitu kwa muda. Alitazama mnara, akatazama mfuniko uliolala kitandani, akatazama wembe.

"Mjomba, ile plastiki ya chini uliitoa?"

"Plastiki gani?"

Akawasha mashine ipate joto kidogo, akaizima, akafungua skrubu, akazungusha, akainua bila shida yoyote. Katikati ya mnara wangu na prosesa kulikuwa na karatasi laini ya plastiki yenye maandishi mekundu.

"Imeandikwa hapa, iondoe kabla ya kutumia."

"Si ni Kichina hicho?"

"Kichina, na Kiingereza, na mchoro wa mkono unaibandua."

Akafuta kila kitu kwa spiriti, akatia kunde yake moja ya pesti, akafunga. Gemu lile lile, nyuzi 63. Nikaruka. Nikamwambia unaona, nilijua! Dogo akanieleza, kwa upole wa mwalimu wa chekechea, kwamba feni haitengenezi baridi, inahamisha joto tu kutoka kwenye prosesa kwenda hewani. Chumba kikiwa na nyuzi 33 hakuna mnara duniani utakaoifikisha prosesa 30. Na prosesa yenyewe ni ya wati 65, kama balbu moja ya zamani. "Laki na kumi ungeweka dari, mjomba."

Jumanne nilimrudia muuzaji. Akapima kwa macho, akasema tatizo si mnara, bosi, tatizo kasha lako jembamba. Makasha mapana anayo, laki na nusu.

Basi ikabaki wazi. Alhamisi mjusi akadondoka kutoka kwenye bati moja kwa moja katikati ya mapezi. Feni ikasimama, mjusi akatoka mzima, mkia ukabaki. Nikakata kipande cha chandarua cha zamani, nikakifunga upande ulio wazi kwa vibanio vya nguo. Taa zikiwaka mle ndani usiku panapendeza, sitaki kusema uongo.

Juzi mama mwenye nyumba akaja kudai miwani yake. Akaivaa pale pale mlangoni, akasogea, akainama, akachungulia ndani ya chandarua muda mrefu.

"Kumbe ndiye huyu mwenye miguu?"