Waliamini ulimwengu sambamba, na walikuwa na sababu

Onyo kwanza: hapa nitaueleza waziwazi mwisho wa Lost, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu manusura wa ajali ya ndege waliokwama kisiwani. Tamthilia hii ilimalizika tarehe 23 Mei 2010, lakini najua wapo wanaoianza leo, na kwao kila fumbo bado lina utamu wake. Kama wewe ni mmoja wao, katazame kwanza, utanikuta.

Kila mjadala wa Lost ukifika msimu wa sita hatakosekana mtu wa kuwacheka waliokuwa wakitetea nadharia ya ulimwengu sambamba, yaani kwamba kuna pande mbili za historia zinazokwenda bega kwa bega. Atasema walipoteza muda wao kuchora mistari ya nyakati, kumbe jibu lilikuwa linawasubiri kanisani. Mimi siwacheki hata kidogo. Nashikilia kwamba nadharia yao ndiyo iliyotokana na kuusoma kwa uaminifu ushahidi tuliowekewa mezani, na kwamba watunzi wenyewe, Damon Lindelof na Carlton Cuse, ndio waliowaelekeza huko.

Kumbuka msimu wa tano ulivyoishia. Jack, daktari anayewaongoza manusura, na wenzake wamerudishwa nyuma kwa wakati na kukwama kisiwani mwaka 1977. Daniel Faraday, mwanafizikia ambaye muda wote alihubiri kwamba lililotokea limeshatokea na halibadiliki, amegeuka. Sasa anaamini binadamu ana hiari, na hiari hiyo inaweza kuukata mnyororo wa matukio. Bomu la haidrojeni likilipuliwa mahali kinapojengwa kituo cha Swan, ambacho nguvu zake za sumaku ndizo zilizoiangusha ndege yao, kituo hakitakuwapo, hakutakuwa na kitufe cha kubonyeza, na ndege ya Oceanic 815 iliyotoka Sydney itafika Los Angeles salama mwaka 2004. Faraday anakufa kabla ya kuona matokeo. Mwishowe ni Juliet, daktari mwenzao, amelala majeruhi chini ya shimo, anayelipiga bomu kwa jiwe. Skrini, ambayo kwa miaka mitano ilikuwa ikizimika kwa weusi, safari hii inawaka nyeupe.

Kisha tarehe 2 Februari 2010 ukaja ufunguzi wa msimu wa sita. Ndege inayumba kidogo, inatulia, inaendelea na safari. Kamera inaiacha juu, inashuka mawinguni, inazama baharini, na kule chini tunakiona kisiwa chenyewe kimelala sakafuni: nyumba za Dharma, mradi wa utafiti uliowahi kukaa pale, bembea ya watoto, papa mwenye nembo ya Dharma mkiani, na mguu wa ile sanamu kubwa. Wakati huohuo, katika simulizi nyingine, kina Jack wako kisiwani bado. Kipindi kiliitwa "LA X", herufi ya mwisho ikiwa imetengwa na mbili za mwanzo, ili anayejua kusoma ishara asiwaze tu LAX, uwanja wa ndege wa Los Angeles.

Mtu aliyeona hayo alitakiwa afikirie nini? Bomu limelipuka, historia imegawanyika, sasa kuna pande mbili. Katika mahojiano ya wakati ule Lindelof na Cuse walikataa kuuita upande wa pili "mbadala", kwa maelezo kwamba jina hilo lingefanya upande mmoja uonekane si wa kweli. Ukiyachukua maneno hayo kama yalivyo, unabaki na malimwengu mawili, yote ya kweli. Baadhi ya mashabiki walikwenda mbali hadi kwa Hugh Everett, mwanafizikia wa Marekani ambaye mwaka 1957 alipendekeza kwamba kila tokeo linalowezekana hutokea katika tawi lake. Wengi wao hawakuwa wanasayansi. Walikwenda kusoma kwa sababu tamthilia iliwatia kiu, na jambo hilo peke yake naliheshimu sana.

Ushahidi haukuishia kwenye kisiwa kilichozama. Katika kipindi kiitwacho "Dr. Linus", Ben Linus, ambaye kisiwani alikuwa kiongozi mkatili, upande huu ni mwalimu wa historia anayemuuguza baba yake, Roger. Wanakula, wanazungumza, na mzee anakumbusha kwamba aliwahi kujiunga na mradi wa Dharma na kumpeleka Ben kisiwani. Anamwambia awaze maisha yao yangekuwaje kama wangebaki kule. Na anayasema hayo huku Ben akimbadilishia mtungi wa oksijeni, ilhali Ben tunayemjua alimuua baba huyohuyo kwa gesi ya sumu. Mandhari hiyo ni miongoni mwa bora kabisa za msimu mzima. Kwa mtetezi wa nadharia ilikuwa pia ushahidi mzito: kumbe huku nako Dharma ilikuwapo, watu walihamishwa, halafu kisiwa kikazama. Ethan, aliyezaliwa kisiwani mwaka 1977, anatokea hospitalini Los Angeles akiwa Daktari Goodspeed. Pierre Chang wa zile filamu za mafunzo yu hai, ni mtu wa makumbusho. Vyote vinapangana.

Vilikuwapo pia vya kupinga, na mashabiki makini hawakuvificha. Jack na wenzake walizinduka kando ya shimo la Swan, kituo kikiwa kimejengwa na kubomoka vilevile kama zamani, kwa hiyo bomu halikuwa limefuta kitu. Halafu kuzama kwa kisiwa mwaka 1977 kungempaje Jack mtoto wa kiume aitwaye David? Kungemfanyaje Sawyer polisi? Nilichokipenda kwenye mabishano ya miezi ile ni kwamba aliyeleta hoja alitakiwa ataje kipindi, aseme nani alisema nini na akiwa amesimama wapi. Madai ya kuokoteza hayakudumu.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ulikuwa kwenye shingo ya Jack. Ndani ya ndege, dakika za mwanzo tu, anakwenda msalani, anajitazama kwenye kioo, anaona tone la damu shingoni na hajui limetoka wapi. Baadaye anakuta kovu la kidole tumbo na hakumbuki kufanyiwa upasuaji. Mama yake anamwambia alifanyiwa akiwa mtoto. Sisi tunajua Juliet ndiye aliyempasua kisiwani. Wenye nadharia wakasema: pande mbili zimeanza kuvujiana. Walikosea chanzo tu. Katika kipindi cha mwisho, kwenye pambano la jabalini, Mtu wa Mavazi Meusi, adui mkuu wa kina Jack, anamchoma Jack kisu ubavuni, kisha anamkandamiza kisu hichohicho shingoni hadi damu inatoka. Jack wa ndegeni alikuwa amebeba majeraha ya kifo chake tangu dakika ya kwanza ya msimu. Mashabiki waliliona lile tone la damu, wakakataa kulipuuza, wakashinda nalo hadi Mei. Huwezi kumwita mtu huyo mpumbavu kwa sababu hakubahatisha jibu.

Jibu lenyewe, kwamba upande wa pili ulikuwa mahali pa kukutana baada ya kifo, nalikubali, na linanigusa kila ninapolirudia. Kanisani, Christian, baba yake Jack, anamweleza mwanawe kwamba walipatengeneza pamoja mahali pale ili wakutane tena, na kwamba kila mmoja alikufa kwa wakati wake, wengine kabla yake, wengine baada yake kwa muda mrefu. Wanaodai kwamba wote walikufa kwenye ajali hawakumsikiliza, ingawa picha za mabaki ya ndege ufukweni ambazo ABC, kituo cha televisheni kilichoirusha tamthilia, kiliziweka juu ya majina ya mwisho ziliwapoteza wengi. Kituo kilikiri baadaye kuwa uamuzi huo ulikuwa wake. Mtazamaji wa kwetu hapati shida kupaelewa mahali hapa pa katikati, baada ya kifo na kabla ya kuendelea mbele. Mkatoliki atawaza toharani, Mwislamu barzakhi. Mimi huwa namkumbuka John Mbiti, aliyeandika mwaka 1969 kwamba marehemu hubaki karibu nasi maadamu wapo waliomjua na kumkumbuka kwa jina. Kina Jack walihitaji kukumbukana wao kwa wao ndipo waondoke.

Deni linalobaki ni kile kisiwa chini ya bahari. Mengine yote ya upande ule yanaweza kuelezwa kuwa yametoka katika nafsi za wahusika: majuto ya Ben, upweke wa Sawyer, hamu ya Jack ya kuwa baba bora kuliko wake. Ila safari ya kamera kwenda sakafuni mwa bahari hakuna mhusika aliyeiona. Abiria walikuwa juu, wanakunywa vinywaji vyao. Picha ile ilitengenezwa kwa ajili ya macho yetu, na kazi yake pekee ilikuwa kutufanya tuamini bomu lilifaulu. Hapo mashabiki walidanganywa. Kuficha jibu nisingelalamika, maana ndiyo kazi ya mtunzi wa mafumbo. Huku ni kutuwekea ushahidi ambao jibu halina nafasi nao.

Nimesoma maelezo mengi ya kuitetea picha hiyo, kwamba kisiwa kilichozama ni alama ya mambo waliyoyasahau. Inawezekana. Ila anayeshikilia hivyo anieleze na maneno ya Roger Linus pale mezani, kwa nini kumbukumbu ya Dharma ilibaki kwa mzee yule.